Kumbukumbu ya Papo

Neno skizofrenia, alilolitoa daktari Eugen Bleuler wa Uswisi mbele ya wenziwe mjini Berlin mwaka 1908, limeungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, la kupasua na la akili. Na kwa sababu ya mpasuko huo wengi hudhani kuwa mgonjwa ni mtu mmoja mwenye nafsi mbili, jambo ambalo Bleuler hakulikusudia kabisa. Wajapani, ambao jina lao la maradhi haya lilibeba mpasuko uo huo na kuwatia wagonjwa aibu, walilibadili mwaka 2002. Alichokitaja Bleuler ni kulegea kwa mafungamano ya fikira, na sisi tuliolipokea neno akili kutoka Kiarabu, ambako shina lake ni lile la kumfunga ngamia asitoroke, hatuna taabu kumfahamu.

Mojawapo ya kamba zinazolegea mapema, pengine kabla mgonjwa hajasikia sauti zisizokuwapo, ni ile ambayo Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza mwaka 1974: uwezo wa kushika mambo machache kwa kitambo kidogo huku akili ikiyashughulikia. Wako waiitao kumbukumbu ya kazi. Mimi siliridhii jina hilo, kwani msomaji wetu akisikia kumbukumbu pamoja na kazi hukumbuka daftari la katibu wa kikao. Afadhali tuseme kumbukumbu ya papo.

Tazama sentensi hii: "Visu alivyonipa babu siku ile tulipokwenda Donge kuvuna karafuu vimepotea." Msemaji amesema visu, akapita kwa babu, siku, safari na karafuu, na muda wote huo ameishika ile vi- ya mwanzo hata akaifikisha kwenye vimepotea. Aliyelegea kamba hiyo huenda akafika kwenye karafuu akaifuata karafuu, kutoka hapo akaifuata harufu, kisha meli, na visu visirudi tena. Nasi tukasema anapayuka, ilhali kila neno lilishikana na jirani yake.

Wala kulegea huku si usahaulifu tuujuao kwa wazee. Kijana mwenye maradhi haya huenda akaisoma bila kusita sura aliyoihifadhi chuoni utotoni, walakini tabibu akimtajia 7, 2, 9, 4 na kumtaka azirudishe kinyume, huenda akakwama. Na orodha ya maneno mapya, hata ikirudiwa mara kadhaa, humponyoka.

Nyumbani hayo huonekana kwa sura nyingine. Mama humtuma dukani sukari, kiberiti na mafuta ya taa, naye hurudi na kiberiti peke yake, akaambiwa mvivu, ama ana dharau, na lawama hizo humuumiza moyo kwa kosa asilolitenda. Mama aliyekwisha kufahamu humwandikia vitu vitatu katika kipande cha karatasi, humpa mkononi, na humwambia neno moja tu: "Nenda, mwanangu."