Mtoto wa Mpakani



Askari alindaye Petite Barrière mjini Gisenyi, njia ya waendao Goma kwa miguu, aijua hali ya akina mama wachuuzi kuliko sisi tukaao studioni. Kwa miaka mingi mama mwenye kapu la nyanya alikuwa na njia tatu tu: kuvuka na mtoto mgongoni, kumwacha kando ya barabara mikononi mwa mtoto mwenziwe, au kumtoa binti yake shuleni ili awe yaya.

Tatizo hilo si geni, wala si la Rwanda peke yake. Mwaka 1816, huko New Lanark, Scotland, Robert Owen, mwenye kiwanda cha pamba, aliwafungulia shule watoto wadogo wa wafanyakazi wake. Nchini Tanzania, vituo vya kulelea watoto mchana vilienea vijijini wakati wa ujamaa, na mwaka 1981 vikatungiwa sheria. Historia yatufunza kwamba kituo huzaliwa pale kazi inapomtenga mzazi na mwanawe.

Rwanda ilitoa sera yake ya kwanza ya malezi haya mwaka 2011. Leo namna zake ni pamoja na kituo kamili chenye walezi waliofunzwa, kituo cha jumuiya, nyumba ya jirani, ambamo wazazi hulea kwa zamu, na kituo cha mahali pa kazi, kama vile kwenye mashamba ya chai. Wilayani Rubavu, ni namna hii ya nne iliyowafaa wachuuzi wa mpakani. Mtoto hucheza, hufundishwa, hunywa uji. Na uji huo si anasa: mwaka 2010, watoto 44 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, uchunguzi wa 2019-20 uliwakuta 33. Tumepiga hatua, lakini safari ingali ndefu.

Jeshi na polisi wamekwisha kuwajengea wananchi vituo vya aina hii, na kazi hiyo yastahili heshima. Ipo nyingine isiyohitaji matofali. Mlinzi amwonapo mtoto aliyeachwa karibu na kizuizi, asimfukuze kama mzururaji. Amngoje mama yake, amwelekeze kituoni. Mtoto huyo ni raia, naye yumo katika amana uliyokabidhiwa. Mpaka haulindwi kwa bunduki peke yake.