Gurudumu Moja na Maegemeo Yake

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma mazungumzo haya kitabuni, leo twapenda kuwasimulia habari za jambo ambalo wengi wenu mlilifanya utotoni bila kulifikiri sana, nalo ni kujifunza kupanda baiskeli. Lakini hatutakomea kwenye baiskeli mliyoizoea. Iko nyingine yenye gurudumu moja tu. Haina usukani, haina mnyororo, wala haina breki. Ni gurudumu, pedali mbili, na kiti juu ya nguzo fupi ya chuma. Amwonaye mpandaji wake katika mchezo wa sarakasi hudhani kwamba mtu yule alizaliwa na kipaji kisichopatikana kwa wengine. Sivyo. Mtu yule alijifunza, na siku za kujifunza alishika kitu: ukuta, ua, bega la mwenzake, au fito mbili alizojikatia mwenyewe.

Vitu hivyo vya kushika tutaviita maegemeo. Vitabu vya historia havivitaji sana, kwa maana hupenda kutaja mashine na majina ya waliozitengeneza. Sisi twaona kwamba bila maegemeo hakuna hata moja katika mashine hizo ambayo ingalipandwa.

Na tuanze mwanzo. Mwaka wa 1817, katika mji wa Mannheim nchini Ujerumani, alikuwako mtu mmoja jina lake Karl Drais, wa ukoo wa makabaila, ambaye kazi aliyosomea ilikuwa ya bwana misitu. Huyo alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili, moja mbele ya jingine. Hakikuwa na pedali. Mpandaji aliketi katikati, miguu yake ikifika chini, akajisukuma kwa kupiga hatua kama mtu akimbiaye. Uzito wa chombo ulikuwa kilo 22 hivi. Tarehe 12 Juni mwaka huo Drais alikipanda, akatoka Mannheim kwa njia iendayo Schwetzingen, akafika kwenye nyumba ya kubadilishia farasi, akarudi. Kwenda ilikuwa kilometa 7 hivi, na safari nzima ilichukua kadiri ya saa moja. Wako wataalamu wasemao kwamba alikusudia kupata badala ya farasi, kwa kuwa mlima wa Tambora, huko visiwa vya Indonesia, ulilipuka mwaka wa 1815, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi cha kawaida. Mavuno yakaharibika, na chakula cha farasi kikawa ghali. Wengine hawakubali maelezo hayo.

Sisi leo hatutazami magurudumu yake, twatazama ubao. Mbele ya mpandaji Drais aliweka ubao mwembamba uliotiwa mto laini, na juu yake mpandaji alilaza vigasha vyake vyote viwili. Kazi ya ubao huo haikuwa kupumzisha mikono tu. Ulikuwa wa kumsaidia mtu kujisawazisha chombo kilipotaka kulala upande. Basi egemeo la kwanza lilijengwa ndani ya chombo chenyewe, na egemeo la pili lilikuwa nyayo za mpandaji, zilizogusa ardhi kila hatua.

Chombo kilipendwa upesi na kikachukiwa upesi. Huko London fundi wa magari ya farasi, Denis Johnson, alitengeneza cha namna yake, na mwaka wa 1819 akafungua mahali pa kufundishia wapandaji. Walakini barabara za siku zile zilikuwa mbovu, wapandaji wakahamia njia za waendao kwa miguu, wakawagonga watu. Na katika miji kadhaa wakuu wakapiga marufuku. Drais mwenyewe alikufa mwaka wa 1851, naye ni maskini.

Hapa pana jambo la kushangaza. Tangu mwaka wa 1817 mpaka miaka ya 1860 ni muda wa karibu miaka hamsini, na katika muda huo mafundi wa Ulaya walijenga reli na meli za moshi na simu ya waya. Je, walishindwa kutia pedali mbili katika gurudumu? Haikuwa kazi ngumu kwa fundi. Lililokuwa gumu ni kuamini kwamba mtu aweza kuinua miguu yote miwili asianguke. Mpandaji wa chombo cha Drais alipoteremka mlima aliinua miguu kitambo kidogo, lakini alijua kwamba akitaka aweza kuishusha. Kuiweka juu ya pedali na kuiacha huko ni jambo jingine. Mwanahistoria mmoja Mjerumani aliyechunguza sana habari hizi ametoa rai kwamba watu waliondolewa hofu na viatu vya magurudumu. Mwaka wa 1863 James Plimpton, huko New York, alitengeneza viatu vya namna mpya vilivyoweza kugeuka mtu alipoinama upande, na maelfu ya watu wakajifunza kuteleza ukumbini huku wakishikana mikono na kushika vizuizi vya kandokando. Waliokwisha kuonja raha ya kwenda bila kupiga hatua hawakuogopa tena pedali. Sisi rai hii twaipenda, ingawa hatuwezi kuapa kwamba ni kweli yote.

Kwa vyovyote, mwaka wa 1866 Pierre Lallement, Mfaransa aliyehamia Marekani, alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wa baiskeli yenye pedali, na mwaka uliofuata karakana ya Michaux mjini Paris ilikuwa ikiziuza. Pedali zilishikamana na gurudumu la mbele lenyewe. Kumbi za kujifunzia zikafunguliwa Paris na New York, na humo kila mwanafunzi alikuwa na mtu wa kumshika. Kisha, kwa kuwa gurudumu kubwa huenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja wa pedali, mafundi wakalikuza la mbele mpaka likafikia kimo cha kifua cha mtu, na la nyuma wakalipunguza hata likawa kama kichezeo. Mpandaji aliketi juu kabisa, na gurudumu la mbele likikwama kwenye jiwe yeye huruka kichwa mbele.

Mwandishi Mmarekani Mark Twain alijifunza baiskeli hiyo ndefu katika miaka ya 1880, akaandika habari zake kwa mzaha mwingi, maandishi yaliyochapishwa mwaka wa 1917 baada ya kufa kwake. Alimwajiri mwalimu wa kumshika, na mwalimu huyo akaishia kuangukiwa. Mama mmoja wa Marekani, Frances Willard, kiongozi mkuu wa wanawake waliopinga ulevi, alijifunza baiskeli ya kawaida alipokuwa na umri wa miaka 53, wakati ambapo watu wengi waliona kuwa si adabu mwanamke kupanda. Alifanya mazoezi kadiri ya robo saa kwa siku kwa muda wa miezi mitatu, akishikiliwa na rafiki zake, na mwaka wa 1895 alitoa kitabu kidogo juu ya habari hiyo. Hakuona haya kuwasimulia wasomaji jinsi alivyoshikwa huku na huku kama mtoto anayejifunza kutembea. Kwetu sisi kitabu kile kina faida kuliko taarifa nyingi za washindi wa mashindano.

Yasemwa kwamba baiskeli ya gurudumu moja ilitokana na ile ndefu. Mpandaji hodari alipokaza mwendo kisha akazuia ghafula, gurudumu dogo la nyuma liliinuka hewani, naye akajikuta amekaa juu ya la mbele peke yake. Wenye kupenda mizaha waliona kwamba hali hiyo yaweza kudumishwa, wakaondoa gurudumu la nyuma, na baadaye usukani pia. Ikawa kitu cha sarakasi na cha majumba ya michezo.

Ili mfahamu ugumu wake, chukueni mpini wa jembe mwusimamishe wima kwenye kiganja. Mtaona kwamba hamwusimamishi kwa kuushika, bali kwa kuhamisha kiganja chini yake. Ukiinama mbele, kiganja huenda mbele. Sasa jaribuni na kalamu. Yaanguka kabla hamjafanya lolote, kwa sababu kitu kifupi huanguka upesi kuliko kirefu. Mpandaji wa gurudumu moja ni huo mpini, na gurudumu ndilo kiganja. Akielekea kuanguka mbele hukaza pedali ili gurudumu limfikie chini yake. Akielekea nyuma hulizuia kwa miguu. Aweza kufanya hivyo kwa kuwa pedali zimeshikamana na gurudumu: gurudumu likienda miguu huenda, miguu ikikaa gurudumu hukaa. Hiyo ni hatari ya mbele na nyuma. Iko na ya kushoto na kulia, na hiyo hutibiwa kwa kuzungusha kiwiliwili na kuelekeza gurudumu upande ule ule mtu anakotaka kuangukia. Mwanafunzi hupatwa na hatari zote mbili kwa dakika moja, ndiyo maana huanguka.

Ukuta au ua huondoa nusu ya taabu. Mkono ukiwa juu ya ukuta, mtu haanguki kirahisi upande ule, akapata nafasi ya kufundisha miguu yake habari za mbele na nyuma. Akiisha kuzizoea, hujitenga na ukuta na kujifunza zile za pembeni. Jiwe au kipande cha mti kikiwekwa nyuma ya tairi huzuia gurudumu lisirudi nyuma mtu anapopanda. Bega la mwenzako ni jema kwa sababu lasogea pamoja nawe, nalo lina akili. Likikuona umetulia lajiondoa lenyewe. Fito mbili, moja kila mkono, ndizo watu wengi hutengeneza kwanza, nazo sisi twazishuku. Mwenye fito mbili ana miguu minne. Huegemeza uzito wake mikononi, na wakati wote huo kiti hakimbebi, hata siku ya kuziacha huona kwamba bado hajaanza.

Kosa hilo limo pia katika magurudumu madogo ya pembeni ambayo watu wa Ulaya na Marekani wamewafungia watoto wao kwenye baiskeli kwa miaka mingi. Baiskeli yenye magurudumu hayo hailali upande, na mtoto asiyelala upande hajifunzi lililo la lazima. Katika miaka ya 1990 huko Ujerumani vilianza kutengenezwa tena vyombo vidogo vya mti vya watoto, magurudumu mawili bila pedali, miguu ikifika chini: ni chombo cha Drais kile kile, baada ya miaka mia na themanini. Vijana wetu wanaoingiza mguu mmoja chini ya fremu ya baiskeli kubwa ya baba zao, wakaenda wamejipinda kama uta, nao wamepata dawa yao bila kufundishwa na mtu.

Nchi iliyolifanya gurudumu moja kuwa la watoto wote ni Japani. Mwaka wa 1989 Wizara ya Elimu ya huko iliutia mchezo huo katika mwongozo wa mazoezi ya mwili ya shule za msingi. Tangu hapo baiskeli za gurudumu moja zimeonekana katika viwanja vya shule nyingi, na watoto, wengi wao wasichana, hujifunza kwa kushika vyuma vya mazoezi vilivyosimamishwa uwanjani, kisha kwa kushikana mikono wawili wawili na watatu watatu. Aliyejua jana humshika ajifunzaye leo. Twaona jambo hili ni kubwa kuliko michezo ya sarakasi, kwa kuwa limeondoa fikira kwamba kazi hii ni ya watu wa pekee.

Sisi tuliotunga mazungumzo haya tuliona aibu kuwafundisha wengine tusilolijaribu, basi tukaazima baiskeli moja ya namna hiyo. Tulisimamisha nguzo nne, tukafunga mwanzi mrefu juu yake, kimo cha kiuno. Siku ya kwanza hatukufika nguzo ya pili. Kosa letu lilikuwa kusimama juu ya pedali badala ya kuketi, na kuuning'inia mwanzi kwa nguvu zetu zote hata ukapinda. Siku ya nne mzee mmoja jirani, ambaye hajapata kupanda hata baiskeli ya kawaida, alitutazama kitambo, kisha akasema, "Wanangu, mwaushika mwanzi kama wenye kuzama. Uguseni kwa kidole." Tukaupandisha mwanzi mpaka kimo cha bega ili tusiweze kuulalia, tukaugusa kwa ncha za vidole, tukaketi kwa uzito wetu wote kitini. Kuanguka hakukukoma, lakini kulikuwa kuanguka kwa miguu, maana mbele ya mpandaji hakuna usukani wa kumzuia. Huiacha baiskeli ikaanguka nyuma yake naye akasimama chini.

Juma la tatu mmoja wetu alipita nguzo ya mwisho, vidole vyake vikiwa hewani, akaenda mara tano au sita za mzunguko wa gurudumu kabla ya kutambua kwamba hakuna anachogusa. Alipotambua, akaanguka. Tulipokwenda asubuhi yake kuendelea tulikuta nguzo nne peke yake. Mwanzi ulikuwa umekwisha kuchukuliwa kujengea banda la kuku, tukalazimika kutumia mabega.