Kilo ambazo kiwanda hakikuzihesabu: historia fupi ya resori ya nyuma ya kwadi

Leo nataka tuzungumze historia ya kitu kidogo: resori ya nyuma ya kwadi, ile moto ya magurudumu manne, hasa ile ya mbio.

Mimi niko na kilo 94. Nasema hivyo juu njo mwanzo wa hadithi. Nyuma ya kupata lisansi yangu ya agronomi, mradi mmoja ulinipa kwadi ya zamani ya kuzungukia wakulima upande wa Walungu. Kila shimo, nyuma inagonga chini mpaka meno yanalia. Nikaenda kwa fundi, muzee mwenye heshima zake. Akaniambia: “Bwana Agronomi, resori imechoka, tuikaze.” Tukaikaza mpaka mwisho. Kesho yake, kwenye tuta dogo tu, kiti kikanirusha mbele juu ya usukani. Mtulinga ukavunjika. Nikakaa nyumbani wiki sita.

Katika zile wiki nikaanza kusoma. Kumbe kosa letu halikuwa jipya. Watu waliotengeneza hizi mashine waliipita ile njia hatua kwa hatua, na sisi tulitaka kuruka hatua mbili.

Turudi nyuma sana. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo wote tulikutana nayo kwenye fizikia: resori inajikunja kadiri ya uzito unaoiwekea. Ukiongeza uzito mara mbili, inajikunja mara mbili. Kwa hiyo kila resori imechaguliwa kwa uzito fulani. Swali ni: uzito wa nani?

Mwaka 1970 Honda walileta sokoni Marekani US90, iliyoitwa baadaye ATC90. Ilikuwa na magurudumu matatu. Wauza pikipiki wa Marekani walikuwa wanatafuta kitu cha kuuza wakati wa baridi, na injinia Osamu Takeuchi na wenzake wakajibu kwa mashine yenye matairi manene, yenye upepo kidogo sana. Resori haikuwamo wala amortisera. Tairi njo ilikuwa inafanya kazi yote. Kwenye theluji na mchanga, polepole, sawa. Lakini tairi ni kama mpira wa watoto: inapokea pigo, halafu inalirudisha lote kwako.

Jibu lilikuwa limeanza kuonekana upande wa pikipiki za mbio za matopeni. Mbelgiji mmoja, injinia Lucien Tilkens, alibuni mfumo wa amortisera moja kubwa badala ya mbili ndogo za pembeni. Yamaha wakauchukua, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akawa bingwa wa dunia wa 250cc akiwa juu yake. Gurudumu la nyuma likaweza kupanda na kushuka zaidi bila kumrusha mtu.

Magurudumu matatu yalifuata. Mwaka 1981 ilitoka Honda ATC250R, yenye mbio na yenye kujikunja mbele na nyuma. Mwaka 1985 Suzuki wakaleta LT250R, kwadi ya mbio ya kweli, na mwaka 1987 ikafika Yamaha Banshee. Wakati huo huo ajali za magurudumu matatu zilikuwa zimezidi. Mwaka 1988 serikali ya Marekani na makampuni wakakubaliana mbele ya mahakama kwamba yale hayatauzwa tena mapya. Yakabaki manne.

Tangu pale, umbo la nyuma ya kwadi ya mbio halijabadilika sana: mkono mmoja wa chuma unashika ekseli, na amortisera moja katikati inabeba yote. Hapa njo mtu mzito anapata shida. Tuseme gurudumu linapanda sentimita 25 na amortisera inajikunja 10 tu. Resori inasukumwa kwa nguvu mara 2.5 ya ile iliyo kwenye gurudumu. Kilo 20 za ziada kule nyuma, kwa resori zinakuwa kama 50! Na kiwanda mara nyingi kinachagua resori kwa mtu wa karibu kilo 70 au 80.

Sasa, kwa nini kukaza kulinivunja? Juu kukaza hakubadilishi ugumu wa resori. Kunainua tu mashine, na kuiacha resori imebanwa tayari. Gurudumu halina tena nafasi ya kushuka kwenye shimo, na kwenye tuta linarudi kwa kishindo. Mtu mzito anahitaji resori nyingine, nene zaidi. Na resori ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mafuta ndani ya amortisera nayo lazima yairudishe polepole zaidi. Sisi wa agronomi tunajua jambo hili: shamba linalokosa fosfori, hata ukimwaga urea peke yake, halikupi mavuno.

Nilipopona, mradi uliagiza resori inayolingana na uzito wangu. Tukapima: kwanza kwadi imeinuliwa, kutoka ekseli mpaka kwenye bodi ya nyuma, halafu mimi nimekaa na nguo zangu zote za kazi. Tofauti inatakiwa kuwa karibu theluthi moja ya safari ya gurudumu, kwetu kama sentimita 8. Ikawa 8. Amortisera yenyewe hatukuifungua, juu ndani kuna gesi yenye mkandamizo. Ilienda kwa mwenye vifaa.

Halafu muzee fundi akaosha matope chini ya kiti, tukaona kibandiko ambacho hakuna kati yetu aliyekisoma: kilo 100, mtu na mizigo pamoja. Mimi 94, na kila siku nilikuwa ninabeba kilo 15 za mbegu. Resori mpya haikuongeza hata kilo moja kwenye kile kibandiko. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile. Tangu siku ile mbegu zinapanda gari.

Wengi wetu tutakabidhiwa mashine zilizohesabiwa kwa watu wengine, katika nchi nyingine. Kabla ya kukaza chochote, tuulize kwanza: hii ilipimwa kwa uzito wa nani?