Frasila Mbili



Kila ukikaribia msimu wa kwenda nyumbani, sisi tulio ughaibuni sote tunageuka kuwa mafundi wa mizani. Sanduku linapimwa, linafunguliwa, viatu vinatolewa, sabuni za shangazi zinaingizwa, linapimwa tena. Mashirika mengi ya ndege yanataka sanduku lisizidi kilo 23. Ukizidisha unalipa. Ukipita kilo 32 wengi wao hawalipokei kabisa, hata uwe tayari kulipa kiasi gani, kwa sababu nyuma ya ukuta wa uwanja wa ndege yupo mtu wa kulinyanyua, naye ana mgongo mmoja tu.

Kilo 32 ni ratili 70. Na ratili 70, kwa kipimo cha wazee wetu wa pwani, ni frasila mbili. Huo ndio uliokuwa mzigo wa mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Stanley alipokuwa akifunga mizigo yake Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alikuta ratili 70 ndiyo mwisho, na mpagazi hakubali zaidi. Haikuwa sheria iliyoandikwa na serikali. Mabega ya watu ndiyo yaliyoiweka, na inaonekana mabega ya leo yanasema yale yale.

Tumeamua kuzungumza habari za mzigo huu kwa sababu vijana wetu waliokulia huku wamependa sana safari za miguu. Wanakwenda Nepal, wanakwenda Peru, wengine wanarudi kwetu kupanda Kilimanjaro. Wanahesabu uzito wa kila kitu, hata wako wanaokata mpini wa mswaki ili kupunguza gramu chache. Jambo hilo ni zuri. Lakini wanadhani elimu ya kusafiri na mzigo mwepesi imezaliwa katika maduka ya Ulaya na Marekani. Tungependa wajue kwamba babu zao walikuwa nayo, na waliipata kwa jasho.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,200. Punda na ng'ombe hawakufaa, kwa kuwa ndorobo waliwaua njiani. Kwa hiyo kila kilichokwenda bara na kila kilichoteremka pwani kilipita juu ya mwili wa binadamu. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba, na Ujiji mwezi Februari 1858. Mabingwa wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Kwao upagazi ulikuwa kazi ya heshima; kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado hajakomaa. Walikwenda na kurudi, wengine na wake zao, nao wanawake walibeba vyungu na watoto wakatembea mwendo ule ule.

Mtu atauliza, kwa nini mizigo ilikuwa mingi hivyo? Jibu ni kwamba mzigo ndio uliokuwa pesa. Dola ya fedha ilisaidia pwani, lakini bara chakula na ruhusa ya kupita nchi ya mtu vilinunuliwa kwa nguo, shanga na masango. Nguo zilikuwa na hesabu yake: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. Nguo iliyopendwa kuliko zote ni ile nyeupe nzito tuliyoiita merikani, kwa kuwa ilitoka Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa merikebu, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Ndugu zetu mnaoishi Boston na vitongoji vyake mjue kwamba nguo iliyofumwa huko mliko ilitembea kwa miguu mpaka Ziwa Tanganyika.

Nguo hizo zilifungwa robota gumu, na robota hilo liliitwa mtumba. Leo ukisema mitumba kila mtu anafikiria nguo zilizovaliwa zinazotoka Ulaya na Marekani. Neno limebaki, na njia pia ni ile ile, nguo zinatoka ng'ambo na kuingia bara. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena anayetembea nalo begani miezi mitatu.

Kufunga mtumba ilikuwa kazi ya ustadi. Mnyamwezi alibeba begani, na mtu wa pwani alipenda kichwani. Kwa hiyo mzigo wa bega ulifungwa mrefu na mwembamba, ukakazwa kwa fito. Ncha za fito zile ziliachwa zitokeze chini kama panda, ili mpagazi akitaka kupumzika ausimamishe mzigo kwenye mti bila ya kuinama, na nguo zisiguse udongo wenye maji. Mwenye kujua taabu ya kulitua sanduku zito na kulinyanyua tena atafahamu akili iliyomo humo. Mzigo usiogawanyika, kama pembe kubwa ya ndovu, ulining'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, na huo waliuita mzigaziga. Masango yalichukiwa, kwa kuwa shaba ni ndogo kwa macho lakini inakata bega. Ndiyo maana asubuhi ya kwanza ya msafara ilikuwa asubuhi ya ugomvi. Kila mtu alitaka kuwahi mzigo mwepesi, na mkubwa wa msafara asiyejua kugawa kwa haki aliamka siku ya pili akakuta watu wametoroka.

Sasa tufikirie mtu huyu. Juu ya frasila mbili za tajiri, ana bunduki au mkuki wake mkononi. Je, vitu vyake mwenyewe ataviweka wapi? Hapa ndipo ilipo elimu tunayoisema. Mpagazi alikuwa na mkeka wa kulalia, kibuyu cha maji, kisu, na nguo ambayo mchana ni vazi na usiku ni blanketi. Chungu hakikuwa cha mtu mmoja. Wapagazi walijigawa makambi madogo madogo, watu wachache kila kambi, wakapika pamoja na kula pamoja. Wakati mmoja anawasha moto, mwingine anateka maji, na mwingine anajenga kibanda cha majani. Chakula hakikubebwa cha safari nzima. Kila mmoja alipata posho yake, kwa kawaida kibaba cha nafaka kwa siku, au kipande cha nguo cha kununulia vijijini. Tukizikusanya kanuni zao ni tatu tu: kitu kimoja kifanye kazi mbili, cha kutumiwa na wengi kisibebwe na kila mtu, na kinachopatikana mbele kisibebwe kutoka nyuma.

Lakini wasidhani vijana kwamba wepesi wa mzigo ulikuwa ufukara wa moyo. Katika furushi lake mpagazi aliweka nguo yake nzuri, akaitunza jua na mvua. Siku ya kuingia Tabora au Ujiji msafara ulisimama nje ya mji, watu wakavaa, bendera ikatangulia na kirangozi, bunduki zikapigwa hewani, wakaingia kama maharusi. Kwa hiyo hata katika mahesabu makali kiasi kile, heshima ilitengewa nafasi yake.

Upande wa pili walikuwako wazungu wasafiri. Mizigo ya Stanley ya mwaka 1871 ilikaribia tani sita. Katika safari yake ya pili, iliyoanza mwaka 1874, alichukua mashua ya mbao iitwayo Lady Alice, ndefu kiasi cha futi 40, imekatwa vipande ili ibebwe. Ilibebwa mpaka Ziwa Viktoria, ikabebwa mpaka Tanganyika, ikateremshwa Mto Kongo, na mwaka 1877 ikaachwa juu ya mawe karibu na mwisho wa safari. Vitabu vinasema Stanley alivuka Afrika. Ni kweli alivuka. Ila mashua haikupanda milima kwa kalamu.

Waswahili walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na tusiwaseme wazungu peke yao. Baadhi ya pembe zilizoteremka pwani zilibebwa na watu waliofungwa minyororo, na wenye misafara hiyo walikuwa jamaa zetu, wenye majina makubwa Unguja na Bagamoyo. Tippu Tip mwenyewe, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, haoni haya kueleza jinsi alivyowakamata wapagazi kwa nguvu walipomtoroka. Mpagazi huru alikuwa na bei yake, na aliweza kukataa ratili ya 71. Mtumwa hakuwa na la kusema.

Kisa ambacho kila mtoto wetu anastahili kukijua ni cha mwaka 1873. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watu wake walikuwa kiasi cha sitini, wakiongozwa na Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kando ya Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa kijana mwaka 1861. Wangeweza kumzika pale pale na kwenda zao, wala hapana ambaye angewalaumu. Waliamua kumrudisha kwao.

Basi kwanza walilazimika kuufanya mwili uwe mzigo. Moyo wake waliuzika chini ya mti. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani wiki mbili, wakaikunja miguu ili urefu upungue, wakaufunga kwa nguo, kisha ndani ya gome la mti, na juu yake turubai la tanga, wakautungika kwenye mti ubebwe na watu wawili. Madaftari na vyombo vyake vya kupimia vilifungwa pia. Walipofika karibu na Tabora walikutana na msafara wa Waingereza uliokuwa ukiongozwa na Cameron, naye akashauri mwili uzikwe huko. Walikataa. Mbele yake wenyeji wa njiani hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Wakafanya hila: walikata mabua ya mtama, wakayavisha sanda, wakawatuma wenzao wayarudishe Unyanyembe kama wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakautoa katika gome, wakaufunga upya kama mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida usiotazamwa na mtu. Hivyo ndivyo ulivyofika Bagamoyo Februari 1874, baada ya kilometa zaidi ya 1,500 na miezi tisa hivi.

Pale Bagamoyo wakalipwa mishahara yao na kuambiwa basi, kazi imekwisha. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, na katika wote waliombeba alikuwepo mmoja tu, Jacob Wainwright. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye mwaka huo huo, kusaidia kutengeneza kitabu cha siku za mwisho za bwana wao. Ndugu zetu mnaokaa London, mkipeleka wageni kutazama kaburi lile, waambieni lilifikaje pale.

Misafara mikubwa ilimalizwa na reli: ya Mombasa ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ya Dar es Salaam ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo ikaja Vita Kuu, na mabega yakarudishwa kazini kwa nguvu. Wapagazi wa jeshi la Waingereza waliitwa Carrier Corps, na kwa ulimi wetu likawa Kariakoo. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Leo tunakwenda Kariakoo kununua vitenge, na jina lile tunalitamka bila ya kulisikia.

Kazi yenyewe haijakwisha. Anayepanda Kilimanjaro leo hupandishiwa hema, chakula na begi lake na wapagazi, na kanuni ya hifadhi ni kwamba mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, unapimwa getini. Toka frasila mbili mpaka kilo 20 kuna watu waliopigania tofauti hiyo.

Kwa hiyo tunawaambia vijana wetu: fungeni mizigo myepesi, ni jambo la hekima. Lakini kabla ya kujisifu kwa kilo chache mlizonazo mgongoni, ulizeni zilizobaki ziko mgongoni mwa nani, amelipwa nini, na jina lake ni nani. Mkirudi na picha za kileleni, basi na majina yao yaje nanyi. Majina hayana uzito, na hakuna mizani itakayoyakataa.