Kamera za joto na majengo ya Kigali: joto linaingilia wapi?

Kamera ya joto haioni kilicho nyuma ya ukuta. Hupokea mionzi ya infraredi, ambayo kila kitu hutoa kulingana na joto lake, na kuigeuza kuwa picha ya rangi. Mionzi hiyo iligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1800 na mwanaastronomia William Herschel. Mjini Kigali kamera hizo zilivuma mwezi Mei 2020, roboti zilipopelekwa katika kituo cha Kanyinya kupima joto la wagonjwa wa Covid-19. Teknolojia hiyohiyo hukagua majengo.

Katika nchi za baridi, mkaguzi hutafuta mahali joto la ndani linapotorokea, na kwa kawaida huhitaji tofauti ya takriban nyuzijoto 10 kati ya ndani na nje. Kigali, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, haina baridi ya kiwango hicho, na nyumba nyingi hazina vifaa vya kupasha joto. Hapa swali hugeuka: joto linaingilia wapi?

Mara nyingi ni juu. Bati lililopigwa na jua hupasha dari, nayo dari humwaga joto hilo kwa walio chini yake, wawe wanafunzi darasani au wagonjwa wodini. Kamera ikielekezwa darini alasiri, sehemu isiyo na kizuizi cha joto hujitokeza kama doa angavu.

Lakini bati lenyewe humhadaa mpimaji. Metali inayong'aa hutoa mionzi michache na kuakisi mingi, hivyo bati jipya likipigwa picha kutoka nje laweza kuonekana baridi kwa kuwa linaakisi anga, ilhali halishikiki kwa mkono. Mkaguzi mzoefu hubandika kipande cha utepe mweusi, husubiri kipate joto la bati, kisha hupima hapo. Kioo nacho huakisi. Asiyejihadhari hupima kivuli chake mwenyewe. Ripoti iliyojaa rangi lakini isiyotaja saa, jua wala aina ya uso uliopimwa haina thamani kubwa.

Manufaa makubwa zaidi yamo katika vyumba vya baridi vya kuhifadhia mboga, maziwa au chanjo, ambako tofauti ya joto kati ya ndani na nje ni kubwa. Mpira wa mlango uliochakaa au maungio yaliyoachana huonekana papo hapo. Kila upenyo humlazimu mwenye chumba kulipia umeme zaidi, na mitambo hufanya kazi muda mrefu zaidi. Suala hilo lina uzito wa pekee Kigali, ambako Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za HFC zinazotumika katika majokofu na viyoyozi. Mjini humo pia kipo kituo cha ACES, kinachofundisha mbinu endelevu za upoozaji na usafirishaji wa bidhaa zinazohitaji baridi.

Kasoro hizo nyingi hazihitaji mtambo mpya. Mpira wa mlango hubadilishwa, maungio huzibwa, kisha chumba hupigwa picha tena katika hali ileile, milango ikiwa imefungwa.