Ajali Haina Kinga?

Wahenga walisema ajali haina kinga wala kafara. Msemo huu tumezaliwa tukaukuta. Kila basi linapopinduka, wa kwanza kuutamka kijiweni ndiye anayeonekana ana busara. Akishausema basi, mjadala umefungwa. Watu wanatikisa vichwa, mmoja anaguna, mwingine anaongeza kahawa. Mimi leo, ndugu msomaji, nataka kuufungua tena mjadala huo, na nitaufungua kwa habari ya meli.

Lakini kabla ya meli, neno lenyewe. "Ajali" tulilipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni muda uliowekwa, ile siku ya mtu iliyokwisha andikwa. Sisi tukalichukua tukalipa kazi mbili. Ajali ni majaaliwa, na ajali hiyo hiyo ni gari kuacha njia kwa sababu breki zilikuwa mbovu. Ndiyo maana mtu akisema "ilikuwa ajali tu", masikio yetu yanasikia pia "iliandikwa". Sasa nani atathubutu kuuliza habari za breki?

Haya, tuingie melini.

Jumatatu jioni, tarehe 20 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iling'oa nanga Bukoba kwenda Mwanza. Safari ya kawaida kabisa. Siku zile, kwa mtu wa Kagera, barabara ya kwenda Mwanza ilikuwa mateso, na ziwa ndilo lililokuwa barabara yake. Unapanda jioni, unalala njiani, asubuhi uko Mwanza. Wa kuunganisha treni anaunganisha, wa sokoni anakwenda sokoni. Meli ikapita Kemondo, ikachukua watu wengine na mizigo mingine, ikaendelea na usiku wake.

Hebu tumchukue abiria mmoja. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, ana mikungu yake ya ndizi, anataka kujaribu biashara. Huyu nimembuni, nakiri, ila wa hali yake walikuwemo wengi. Alikuwa asafiri wiki iliyopita, lakini pesa ya nauli haikutimia. Ikatimia Jumatatu. Rafiki yake waliyepanga kwenda pamoja aliamka na homa, akajifunika blanketi na kulaani bahati yake mbaya. Wakaagana hivyo. Mmoja anamcheka mwenzake kwa kuogopa mbu, mwingine anasema "utanikuta huko huko".

Hapo ndipo bahati ilipofanya kazi yake yote. Homa ikambakisha mmoja, nauli ikampandisha mwingine. Hakuna aliyekuwa mwema kuliko mwenzake. Hilo nalikubali, na hapo wahenga sina ugomvi nao.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21, Mwanza ikiwa imekaribia, meli ililala ubavu, kisha ikapinduka. Tumbo likawa juu, watu wakawa chini.

Kilichofuata bado kinaniuma kila nikikifikiria. Meli haikuzama mara moja. Ilielea kifudifudi kwa saa kadhaa, kwa sababu ndani mlikuwa na hewa iliyonaswa, na ndani ya hewa hiyo walikuwemo watu wazima wazima. Waokoaji walipanda juu ya tumbo la meli, wakasikia kugongwa kutoka ndani. Jamani, fikiria sauti hiyo! Basi wakaamua kutoboa chuma ili wawatoe. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini tundu lilipopatikana, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatokea hapo hapo, maji yakachukua nafasi yake, na meli ikazama ikiwa na waliobaki ndani.

Rais Benjamin Mkapa, aliyekuwa hajamaliza hata mwaka madarakani, alitangaza siku tatu za maombolezo. Wapiga mbizi wakaja, wengine kutoka Afrika Kusini. Wengi wa waliopatikana walizikwa pamoja Igoma, nje kidogo ya mji wa Mwanza.

Walikufa wangapi? Utasikia 800, utasikia karibu 1,000. Mbona mamia ya watu yanaelea namna hiyo kati ya hesabu mbili? Jibu liko kwenye karatasi. Meli ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Yaani kabla hujamhesabu hata mtu mmoja wa daraja la tatu, chombo kimeshazidi kwa watu 13. Na daraja la tatu je? Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Ndiyo sababu yule kijana wetu sikumpa jina. Alisafiri daraja la tatu.

Sasa turudi kwa wahenga. Chombo husimama majini kwa sababu uzito wake umekaa chini. Ukijaza watu na mizigo kupita kiasi, ukawarundika juu, uzito unapanda, na chombo kinakuwa kama mlevi. Kikisukumwa kidogo kinalala, kikilala hakirudi. Mambo haya hayahitaji digrii. Mtoto wa Ukerewe anayejifunza kasia anaambiwa siku ya kwanza kwamba ndani ya mtumbwi haruhusiwi kusimama hovyo, na kwamba mtumbwi una kiasi chake. Kumbe basi bahati iliamua nani apande, lakini nani azidishe, nani asiandike, hayo hayakuamuliwa na bahati. Hata serikali ililiona hilo. Maofisa tisa wa Shirika la Reli, waliokuwa na meli hiyo mikononi mwao, walifikishwa mahakamani.

Kuna kisa kingine cha meli hiyo ambacho wengi hawakijui. Miongoni mwa waliozama alikuwemo Mmisri aliyeitwa Abu Ubaidah al-Banshiri, mkuu wa mambo ya kijeshi wa al-Qaeda, mtu aliyezoea kuishi kwa majina mengine. Ndiyo, kundi lile lile lililolipua balozi za Marekani tarehe 7 Agosti 1998, likaua watu zaidi ya 200 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Ziwa halikumuuliza yeye ni nani, kama lisivyomuuliza muuza ndizi. Lakini angalia jambo moja. Wenzake walipopata habari, walituma watu kutoka Nairobi mpaka ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa, na mambo hayo yakaja kuelezwa mahakamani New York mwaka 2001. Mtu wa majina ya uongo alitafutwa akajulikana. Na mwenye jina la kweli, jina alilopewa na bibi yake, alitafutwa na nani? Na mama yake, ufukweni, akiwa hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba mwanawe alipanda. Tiketi ilizama mfukoni mwa mwenye tiketi.

Yule rafiki wa homa naye tusimsahau. Alipona. Lakini jaribu kuwa yeye, uende kwa mama wa mwenzako ukamwambie "mimi ndiye niliyemwona mara ya mwisho". Kwa kuwa orodha hakuna, yeye ndiye orodha. Maisha yake ya kawaida yaliishia asubuhi ile, ingawa hakuloa hata nguo.

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa hilo hilo, karibu na kisiwa cha Ukara, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka. Uwezo wake ulikuwa watu 100 hivi. Waliokufa ni zaidi ya 220. Baada ya siku mbili akatolewa fundi mmoja akiwa hai, amejificha chumbani ambamo hewa ilikuwa imebaki. Kupona kwake tuite bahati, tena tumshukuru Mungu. Lakini watu zaidi ya 220 kufa katika kivuko cha watu 100, hiyo nayo tuite bahati mbaya? Miaka ishirini na miwili baada ya MV Bukoba?

Mimi nadhani wahenga hatukuwaelewa. Waliposema ajali haina kinga walikuwa wakimfariji aliyefiwa. Hawakuwa wakimtetea aliyekata tiketi za ziada. Msemo ni wa matangani, sisi tumeupeleka bandarini.

Na kwenu washikaji mnaotaka kuandika, na mnaoniuliza mtapata wapi visa. Visa viko hapo. Kila tarehe 21 Mei, kuna nyumba Bukoba, Muleba na Mwanza ambamo mtu mzima anakaa kimya zaidi ya kawaida. Kaa naye, mwamkie kwa adabu, usiharakishe, wala usimlazimishe. Akikubali kusema, muulize aliyezama alikuwa nani, alikuwa anakwenda Mwanza kufanya nini, alicheka vipi. Halafu muulize jina lake kamili, uliandike vizuri, bila kukosea herufi. Daraja la tatu bado linasubiri orodha yake.