Kumfuata Mjamzito Nyumbani: Hoja kutoka Moshi

Sera ya afya ya uzazi Tanzania imemtazamia mjamzito aende kliniki, na kwa kiasi kikubwa amekwenda. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 81 kati ya kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya, ikilinganishwa na 63 mwaka 2015/16. Hata hivyo, vifo vya watoto wachanga vilipungua kidogo mno: kutoka 25 hadi 24 kwa kila vizazi hai 1,000. Sehemu ya maelezo imo wodini, katika ubora wa huduma. Sehemu nyingine imo katika miezi ambayo mama huiishi mbali na macho ya muuguzi. Ziara ya nyumbani kwa mjamzito maskini inastahili fedha za umma pale tu inapogusa sehemu hii ya pili.

Moshi, mkoani Kilimanjaro, inatoa ushahidi mzito. Watafiti waliwafuatilia mwaka 2014 na 2015 wajawazito zaidi ya 1,100 waliohudhuria vituo vya afya vya Majengo na Pasua. Takriban 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili na wenzi wao wakati wa ujauzito, na ukatili wa kimwili ulihusishwa na kuzaa njiti au mtoto mwenye uzito pungufu. Wote hao walikuwa wakienda kliniki. Kipimo cha shinikizo la damu hakisemi nani nyumbani anashika fedha, nani anaamua safari ya hospitali, wala bodaboda itapatikana vipi usiku wa masika huko Kibosho au Rombo.

Wapinzani wa ziara hizo wana hoja ya nguvu. Katika wilaya 6 za Mtwara na Lindi, wahudumu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba wakiwashauri wajawazito na wazazi wapya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baadhi ya mazoea ya kumtunza mtoto yaliboreka, lakini vifo vya wachanga havikupungua. Fundisho lake ni kwamba ushauri hauwezi kuziba pengo la dawa, mkunga au nauli. Anayekwenda nyumbani lazima awe na mamlaka ya kumuunganisha mama na zahanati, usafiri na ustawi wa jamii.

Pingamizi la pili ni kwamba mgeni anaweza kumwongezea hatari mke anayepigwa. Hilo ni kweli, ndiyo maana suala la ukatili liulizwe faraghani, popote mama atakapochagua, na mtu aliyefunzwa kutunza siri. Mafunzo ya anayetembelea yana uzito: jaribio la Denver, Marekani, lililochapishwa mwaka 2002, lilionyesha kuwa ziara za wauguzi zilizaa matunda makubwa kuliko za wahudumu wasio na taaluma hiyo.

Mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294. Kilimanjaro ianze na kaya maskini ambazo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) tayari unazitambua, kila mhudumu akilipwa ujira na akisimamiwa na muuguzi wa zahanati yake. Kazi yake isipimwe kwa idadi ya milango aliyobisha. Ipimwe kwa vikwazo vilivyoondolewa kabla ya uchungu kuanza. Kuvijua bila kuviondoa ni kumwongezea mama maskini shahidi wa shida zake.